Mama Tope na ukwato wa Mheshimiwa

Jua ndiyo kwanza linachungulia nyuma ya tanuri, na Mama Tope ameshazamisha mikono hadi viwikoni ndani ya pipa lililokatwa nusu. Anakanda. Anainua donge la udongo wa kijivu, analiminya, analitazama linavyojipenyeza kati ya vidole, kisha anamega kipande kama punje ya mahindi na kukibandika kwenye ncha ya ulimi.

"Bado," anasema, akitema pembeni. "Huu una mchanga. Ukimfunga ng'ombe mguu kwa udongo wa namna hii, umemvalisha soksi yenye kokoto."

Udongo uliokomaa, anaeleza, hung'ang'ania ulimi na hausagiki menoni. Usipoung'ang'ania ulimi hautaung'ang'ania uvimbe. Wateja wapya wakimwona anaonja hukunja uso. Wa zamani humuuliza kama leo umekolea chumvi.

Upande wa pili wa ua, mumewe anapanga majiko mabichi juu ya mbao. Yeye ni fundi wa majiko ya udongo, na watu wote humwita Fundi, mkewe akiwemo. Kati yao imepita kamba ya kuanikia nguo, na kamba hiyo ndiyo mpaka. Huku udongo unanyunyiziwa maji usije ukakauka. Kule unaanikwa usije ukabaki na maji.

"Tunachimba shimo moja," Fundi anasema bila kuinua kichwa, "lakini hatujawahi kukubaliana juu ya udongo."

"Tukubaliane kwa lipi?" mkewe anamjibu. "Wa kwako unakwenda motoni. Wa kwangu unakwenda kwa mgonjwa."

Chini ya kibanda cha mabati amesimama punda wa rangi ya majivu, masikio yamelala, anatafuna majani taratibu kama mtu aliyekwisha kupokea mshahara wake. Jina lake ni Mheshimiwa. Alipewa jina hilo, Fundi anasema, kwa sababu hapigi hatua mpaka abembelezwe, na akifika mahali husubiri apokewe.

Mheshimiwa ndiye anayepandisha udongo kutoka bondeni na kuupeleka kwa wafugaji na wakulima. Msimu uliopita nusura auzwe, na angeuzwa, kazi ya Mama Tope ingeondoka naye. Kisa chenyewe kilianzia kwenye ukwato mmoja.

Kazi hii Mama Tope hakusomea. Aliirithi kwa shangazi yake aliyemlea. "Shangazi alikuwa na mbuzi wengi na hakuwa na duka la dawa karibu," anasema. "Mbuzi akivimba chuchu, anapakwa udongo baridi. Akiumwa na nyigu, udongo. Sisi watoto tukigombana, anatishia kutupaka sisi."

Alipoolewa na fundi wa majiko, akajikuta anaishi juu ya mlima wa udongo ambao hakuna aliyeufikiria zaidi ya kuuchoma. Jirani mmoja alipoleta ng'ombe aliyenasa mguu kwenye uzio, mguu umefura kama kibuyu, yeye akachota tope lile lile la mumewe, akalikanda vizuri, akaufunika mguu na kuulowesha kutwa nzima. Uvimbe ulishuka. Jirani akatangaza. Jina la Mama Tope lilizaliwa wiki hiyo, na mwanzoni alilichukia.

"Nilikuwa mwanamke kijana, najipenda," anasema, akicheka. "Halafu unaitwa Tope mbele ya watu sokoni. Siku hizi mtu akiniita kwa jina langu naangalia nyuma kuona anamwita nani."

Leo ana aina kadhaa za udongo, kila moja kwenye ndoo yake. Wa kijivu ni wa miguu iliyovimba na viwele vilivyojaa joto. Mweupe, unaochimbwa chini zaidi, huchujwa kwa kitambaa mpaka uwe mwepesi kama maziwa, kisha hunyunyiziwa nyanya na pilipili ili jua lisiziunguze na wadudu wakose pa kutua. Mteja mmoja alirudi kulalamika kwamba nyanya zake zinafanana na watoto waliopakwa poda. Alipovuna hakulalamika tena.

Udongo uliochanganywa na samadi ni wa kufunika majeraha ya miti ya matunda iliyokatwa matawi. Wa vumbi, uliochanganywa na majivu, ni wa kuku kuogea ili viroboto na utitiri wawakimbie. Wenye bustani za kichanga hununua kwa magunia na kuuchanganya na mboji, maji yasipotee chini kama pesa za mlevi.

Ndoo moja ya udongo wa kijivu huiuza kwa bei ya lita mbili za maziwa. Juma likiwa zuri hutoka ndoo kama ishirini. Si utajiri, lakini ada za watoto wawili zimetoka humo.

Kabla ya kuuza, Mama Tope huhoji kama polisi. Mnyama anakula? Ana homa? Kuna usaha? Kidonda kiko wazi? Jibu likimtia shaka, ndoo hairuhusiwi kuondoka. Anaonyesha ukuta wa kibanda, ambako namba ya simu ya daktari wa mifugo imeandikwa kwa mkaa, kubwa, hata asiyevaa miwani aione.

"Wapo wanaotaka tope liwe muujiza," anasema. "Tope linapoza, linavuta, linakinga. Basi. Mnyama mwenye homa si wangu. Huyo ni wa daktari."

Ndiyo maana yaliyompata Mheshimiwa yalimuuma mama huyu mara mbili.

Mama Tope alikuwa amesafiri kwenda kumhudumia mdogo wake aliyejifungua. Nyumbani alibaki Fundi, watoto, na majiko yaliyokuwa yakisubiriwa na wateja. Asubuhi moja Mheshimiwa alikataa kutoka kibandani. Alisimama ameinua mguu wa nyuma wa kushoto, ncha ya ukwato ikigusa chini kidogo tu, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga.

Fundi aliutazama mguu, akautazama udongo, akafikiri.

"Nikasema, mke wangu anatibu kwa udongo, na mimi udongo naujua kabla yake," anasimulia. "Kigumu ni nini hapo?"

Akafanya kazi kama anavyoijua. Alichanganya udongo na pumba za mpunga usipasuke. Akauzungushia ukwato, mnene kama kuta za jiko, kuanzia chini hadi juu ya kifundo. Akaulainisha kwa kitambaa chenye maji. Kwa mazoea ya mkono, akauwekea na urembo wa vidole ukingoni, ule ule anaouweka kwenye majiko yake. Kisha akamsimamisha Mheshimiwa karibu na tanuri lenye joto, akauke.

Mpaka leo Fundi hawezi kulizungumzia gamba hilo bila fahari kidogo. "Lilikuwa zuri," anasema. "Halikuwa na ufa hata mmoja."

Mama Tope aliporudi na mzigo wake kichwani, aliingia getini, akautua, akasimama.

"Fundi," alisema, "umefanya nini?"

"Nimemtibu."

"Umemjengea jiko mguuni."

Fundi akajitetea kwamba udongo ni udongo. Mkewe alishaanza kuchemsha maji. Aliuchukua mguu ule akaulowesha polepole hadi gamba likaanza kuachia, na lilipoachia, harufu iliyotoka iliwarudisha wote wawili hatua nyuma. Ukwato ulikuwa wa moto. Chini yake kulikuwa na usaha, na ule udongo mzuri usio na ufa ulikuwa umeuziba ndani kama kifuniko cha chungu.

"Dawa yangu inafanya kazi ikiwa na maji," Mama Tope anaeleza. "Ikikauka inabana. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na wao sidhani kama walikuwa wanafikiria punda, lakini walipatia."

Hakugusa kitu kingine. Alikwenda ukutani akasoma namba aliyoiandika kwa ajili ya wanyama wa watu wengine.

Habari hazikumsubiri daktari. Jirani muuza maziwa, mwanamke ambaye sauti yake hufika kabla yake, alisimama kwenye ua na chupa zake.

"Mwenzangu, nasikia Mheshimiwa amejengewa jiko. Linachukua sufuria ya ukubwa gani?"

"Kubwa tu. Lete maziwa yako tuyachemshe."

"Nakutania. Lakini watu wanasema. Mganga hajigangi, wanasema."

Na kweli walisema. Mfugaji aliyekuwa akichukua ndoo kila juma alipita akaahidi kurudi kesho, na kesho yake akapita kwa njia nyingine. Mwenye bustani ya nyanya akatuma ujumbe kwamba kwanza asubiri aone. Hakuna aliyetaka kununua dawa ya miguu kwa mwanamke ambaye punda wake anasimama kwa miguu mitatu.

Daktari wa mifugo ni mwanamke mrefu mwenye buti za mpira na maneno machache. Aliuinua mguu, akaukwangua ukwato kwa kisu chake kilichopinda, na katikati ya usaha akatoa kitu chekundu kilichochongoka, akakiweka kwenye kiganja cha Fundi.

Lilikuwa gae. Kipande cha jiko lililopasuka, kimoja kati ya vingi vilivyokuwa vimetapakaa uani.

"Mfinyanzi hulia gaeni," Fundi alisema kwa sauti ndogo.

"Ale tu," mkewe akasema. "Punda asikanyage."

Daktari alikisafisha kidonda, akakifunga, akampiga Mheshimiwa sindano ya kuzuia pepopunda na nyingine ya maambukizi. Kisha akasema wazi kwamba hawezi kuahidi. Kama uchafu haujafika kwenye mfupa, punda atapona. Kama umefika, hatapona, na kumwacha ateseke itakuwa dhambi. "Tutajua siku atakapouamini huo mguu," alisema.

Mama Tope aliuliza kama udongo bado una nafasi. Daktari alifikiri kidogo. Kidonda kikishatulia, alisema, udongo wenye majimaji juu ya kitambaa safi utasaidia kuvuta joto na uvimbe uliobaki. Lakini si mbichi. Udongo mbichi karibu na kidonda unaweza kubeba pepopunda yenyewe. Uokwe kwanza kwa moto wa wastani, muda mrefu, kisha uloweshwe kwa maji yaliyochemka na kupoa.

"Hapo nikakwama," Mama Tope anasema. "Mimi maji nayajua. Moto siujui. Ukipungua, hujaua kitu. Ukizidi, umetengeneza kigae, hata ukikiloweka mwaka mzima hakilainiki."

Aliugeuza uso kuutazama upande wa pili wa kamba ya nguo. Fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, gae bado liko mkononi.

"Moto wa wastani," Fundi akasema, "ni tanuri likishatolewa majiko. Mkono unaweza kuingia mdomoni mwa tanuri na kutoka, lakini hautaki kurudi."

Hivyo ndivyo walivyoanza kufanya kazi pamoja, kwa mara ya kwanza tangu waoane. Alioka yeye, akalowesha mkewe. Sufuria ya kwanza iliungua ikawa changarawe nyekundu. Ya pili ikatoka sawa, ikalainika ndani ya maji kama unga wa uji.

Lakini majiko yalikuwa yamerundikana bila punda wa kuyabeba, na mteja anayesubiri jiko hapiki kwa pole. Fundi alisukuma toroli la kuazima mpaka mgongo ukamkatalia. Mama Tope alibeba udongo kichwani kutoka bondeni, ndoo moja moja. Ndipo alipofika mnunuzi wa punda, mtu mpole mwenye fimbo nyembamba na shati lililonyooshwa vizuri.

Alimzunguka Mheshimiwa. Akataja bei. Mama Tope akamwambia mguu unatibiwa.

"Mimi sinunui miguu, mama," alisema kwa adabu. "Nanunua ngozi."

Usiku ule mume na mke walizungumza. Fundi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka. Alisema punda akifa bure watakosa vyote viwili. Mkewe alisema akiuzwa kwa kosa lililotoka kwenye ua huu, yeye hatapaka tena mnyama wa mtu tope. "Nitamwambia nini mteja? Kwamba dawa yangu inafaa kwa ng'ombe wako, ila wangu nilimchuna?"

Wakakubaliana jambo moja. Mnunuzi alisema angepita tena baada ya mnada unaofuata. Mpaka hapo, Mheshimiwa ni wa Mama Tope. Akipita, na mguu bado uko juu, ni wa mnunuzi.

Kuanzia hapo asubuhi na jioni zilifanana. Maji ya vuguvugu yenye chumvi. Kitambaa safi. Udongo uliookwa, laini, baridi. Juu yake kipande cha mpira wa ndani wa tairi ili unyevu usitoroke. Kabla haujakauka, unabadilishwa. Fundi alifagia ua mzima, akaokota magae yote akayazika. Daktari alipita mara kwa mara, akanusa, akabonyeza, akasema, "Hapajaharibika."

Uvimbe uliondoka. Joto likaondoka. Lakini Mheshimiwa hakuushusha mguu. Alisimama vile vile, ncha tu ikigusa ardhi, akimtazama kila mtu kwa dharau.

"Nilimbembeleza," Mama Tope anasema. "Nilimwimbia. Nilimtukana. Nilimwambia, wewe umepona, unapenda tu kuhudumiwa."

Mnunuzi alirudi baada ya mnada kama alivyoahidi, na kamba mpya begani. Mama Tope alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa punda, ndoo ya tope kando yake, mguu mgonjwa ukiwa ndiyo kwanza umefungwa na kuachiwa. Jirani muuza maziwa alikuwa amesimama kwenye ua, amesahau chupa zake. Fundi alitoka nyuma ya tanuri, akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Naona bado," mnunuzi alisema.

Alizunguka nyuma, akaangalia mapaja, na kama wafanyavyo watu wa kazi yake, akampiga Mheshimiwa kofi la makalioni apime unene wa ngozi.

Mheshimiwa hakuzoea kupigwa makofi. Mguu wa kulia uliruka nyuma kama risasi, ukakosa goti la mnunuzi kwa upana wa kiganja, ukaipata ndoo. Tope lilipaa. Likatua kwenye lile shati lililonyooshwa, kifuani, shingoni, na kiasi kwenye sikio.

Wote waliutazama mguu uliopiga. Mama Tope peke yake aliutazama mguu uliobaki chini.

"Ameukanyagia," alisema.

Fundi akainama. Ule mguu wa kushoto ulikuwa umesimama wima juu ya ardhi, ukwato mzima, umebeba punda na hasira zake zote. Haukutetemeka. Na hata mguu wa kulia uliporudi mahali pake, wa kushoto haukuinuka tena.

Mama Tope alikaa chini pale pale kwenye tope, akacheka mpaka machozi. Jirani akacheka kwa sababu mwenzake anacheka. Mnunuzi, ambaye ni haki kusema alilichukulia vizuri, alijifuta sikio akauliza tope hilo ni la nini.

"La uvimbe," Mama Tope akamwambia. "Hilo hatukudai."

"Asante ya punda ni mateke," jirani akasema, akiokota chupa zake. "Nilikuwa nikidhani ni msemo tu."

Maneno yaliyopita ua hadi ua safari hii yalikuwa mengine. Mfugaji wa kila juma alirudi kwa njia yake ya zamani, akidai alikuwa na shughuli. Mama Tope hakumuuliza shughuli gani. Alimuuliza kama ng'ombe wake ana homa.

Daktari aliruhusu mzigo mwepesi kwanza, kisha wa kawaida. Siku Mheshimiwa alipofunguliwa kamba, alitembea taratibu moja kwa moja mpaka kwenye kamba ya nguo, akapita chini yake bila ruhusa ya mtu, na akakanyaga kitako cha jiko kubwa ambacho Fundi alikuwa ameketi kukilainisha asubuhi nzima. Fundi alifungua mdomo apige kelele.

"Usikiguse," mkewe alimwahi.

Wakainama wote wawili. Katikati ya ule udongo mbichi ilikuwa imebaki alama ya ukwato wa nyuma wa kushoto, mviringo kamili, kina kimoja pande zote. Mnyama anayechechemea huacha alama iliyolalia upande. Hii ilikuwa imekaa sawa kama muhuri.

Fundi hakukisawazisha. Alikianika, akakipanga kwenye tanuri mahali penye moto wake bora, akakitoa chekundu, kigumu. Kina ufa mdogo pembeni, na yeye mwenyewe ndiye huuonyesha.

Sasa kigae hicho kimeegemezwa getini. Mteja mpya akiuliza kama kweli tope linatibu, Mama Tope huanza kwa maswali yake ya homa na usaha, humtajia daktari, kisha ndipo humwelekeza akakitazame. "Sisemi tope peke yake lilimponya," husema. "Kisu cha daktari, sindano, moto wa Fundi, na tope. Lakini sahihi aliweka mwenyewe."

Mpango wake ni kujenga kibanda cha kudumu, chenye tangi la kuloweshea upande mmoja na tanuri dogo la kuokea upande mwingine, ili udongo wa karibu na vidonda usipite tena mbichi mlangoni pake. Daktari amekubali kuja kuwafundisha wafugaji lini watumie udongo na lini wapige simu. Anataka pia punda wa pili, mdogo, wa kupokezana na Mheshimiwa.

Kamba ya nguo itakuwa wapi ndani ya kibanda hicho, bado wanabishana.

"Katikati," anasema Fundi.

"Karibu na kwako," anasema mkewe. "Na pipa langu huligusi bila kubisha hodi."

Kigae cha ukwato kitajengewa ukutani, juu ya mlango, mahali ambapo wengine wangetundika bango. Kilichobaki ni mawe ya msingi, na mawe yako kule bondeni, karibu na shimo.

Mama Tope ananawa mikono, anachukua kamba, anageukia kibandani. Mheshimiwa ameshasikia. Anayageuza masikio yake taratibu upande wa pili na kuendelea kutafuna, akisubiri abembelezwe.